Aliyemlisha Nondo

Mume wangu alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na akanioa akiwa mwembamba vilevile. Kwenye karakana yao ya kuchomelea mageti wanamwita Nondo, na si kwa sababu ya ugumu. Jina alipewa na mjomba wake aliyemfundisha kazi. Alimtuma alete nondo moja kutoka kwenye rundo, akamtazama anavyorudi nayo begani, akasema nimeagiza moja, mbona zimekuja mbili. Jina likamganda. Wateja wanalijua, wakwe wanalijua, na mimi nikikasirika silitafuti lingine.

Namsimulia kwa sababu yaliyotokea ukumbini siku ya mashindano yameshasimuliwa na watu wengi ambao hawakuwa na mwiko mkononi. Mwiko nilikuwa nao mimi. Na niseme wazi tangu mwanzo: mimi nina wivu. Sikuupata kwa Nondo. Nilikuja nao kutoka kwetu, kama wenzangu walivyokuja na vyombo na mashuka.

Mimi ni mpishi. Napika kwenye bwalo la kiwanda cha sabuni, watu mia mbili na kumi kila mchana, na hakuna hata mmoja anayerudisha sahani ikiwa na kitu. Miaka kumi na mitatu iliyopita lori liliangusha geti la kiwanda, wakaitwa mafundi, na Nondo akawa mmoja wao. Kazi ya wiki moja ikachukua wiki tatu. Msimamizi alidhani geti lina shida. Geti halikuwa na shida yoyote, ni Nondo alikuwa anakula. Anakuja dirishani, anapakuliwa, anakula, anarudi na sahani ileile bila haya. Siku ya tatu nikamuuliza chakula chote hicho kinakwenda wapi. Akajitazama kuanzia kifuani mpaka miguuni, akasema, "Dada, hata mimi nakitafuta."

Siku waliyopaka geti rangi ya mwisho alikuja dirishani bila sahani. Akasema akipata nafasi ya kula kutoka mkono huu mpaka uzeeni, hataomba kingine duniani. Wapo wanaochumbiwa kwa maneno matamu na zawadi. Mimi nilichumbiwa kwa sahani ya pili, na sikuona nimepunjwa.

Kwa miaka kumi na miwili jioni zetu zilikuwa za aina moja. Anaingia, ananawa mikono ile yenye alama za cheche, anakaa, anakula. Akimaliza ananyoosha sahani bila kusema neno, nami namwongeza. Anakula amefumba macho. Binti yetu akiwa mdogo aliwahi kuniuliza kama baba huwa analala wakati wa kula. Sikuwahi kuhitaji kuambiwa napendwa. Nilikuwa naiona sahani.

Sasa mambo yalipoharibika yaliharibikia kwenye sahani hiyohiyo.

Alikuwa na miaka thelathini na minane alipopeleka geti kubwa kwa mteja mmoja tajiri. Yule mteja akatoka nje, akamtazama Nondo, akatazama nyuma yake, akauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Vijana wa karakana wakacheka, naye akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Jumatatu iliyofuata alijiandikisha jimu, ile iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, akaanza kunyanyua vyuma visivyokuwa na kazi baada ya kushinda akinyanyua vyuma vyenye kazi.

Miezi ya kwanza nilifurahi, sitaficha. Alikuwa anarudi ana njaa ya mtu aliyefunguliwa kamba. Sahani ya pili ikawa na ya tatu. Nilikuwa naongeza sufuria na kuimba.

Kisha likaja kopo. Lilikuwa jeusi, kubwa kama ndoo ya rangi, na juu yake kuna picha ya mtu asiye na shingo. Ndani mna unga wenye harufu ya kakao na kijiko cha plastiki. Nondo aliliweka juu ya kabati la vyombo vyangu, akaeleza kwamba jimu wameajiri dada mpya wa kaunta, msomi wa mambo ya lishe, naye ndiye amemshauri. Ukimaliza mazoezi una nusu saa tu ya kuupa mwili unachodai. Ikipita hiyo, dirisha limefungwa.

"Dirisha gani?" nikauliza.

"La mwili, mama watoto."

Basi kila asubuhi akawa anapima vijiko vitatu kwenye kichupa chenye kifuniko, anakwenda nacho kazini, jioni anakifikisha jimu, na yule dada anamchanganyia na maji baridi. Kopo lenyewe lilikaa nyumbani kwa sababu jimu vitu vina miguu. Na jioni ya kwanza ya mpango huo Nondo aliingia, akanawa, akakaa, akala robo ya sahani, akaisukuma mbele.

"Nimeshiba," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilimwekea mkono kwenye paji la uso nikidhani ana homa.

Siku ya pili ameshiba. Siku ya tano ameshiba. Wiki ya pili sikumpakulia ili nione kama atauliza, na hakuuliza. Alikaa sebuleni akikunja mkono na kuutazama ukivimba. Nilimhadithia mpishi mwenzangu kazini, mwanamke mtu mzima tunayemwita Bi Mwiko, ambaye amezika waume wawili na anasema wote walikufa wameshiba. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Mume asiyekula kwake anakula kwingine," akasema.

"Ni unga tu, Bi Mwiko."

"Unga haujichanganyi wenyewe, mwanangu."

Nililala na sentensi hiyo siku tatu. Siku ya nne niliomba ruhusa kazini, nikavaa gauni langu la harusi za watu, nikaenda jimu.

Nilitaka nimkute ni mbaya. Kama hawezi kuwa mbaya, basi awe na kiburi, nipate pa kushikia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mrefu, mikono yake imejengeka lakini bado ya kike, meno yamepangwa, na anamchekea kila mtu anayeingia, mzee kwa kijana. Alinipa heshima zangu zote. Akanivutia kiti. Aliposikia mimi ni mke wa nani alifurahi, akasema, "Kumbe ndiye wewe dada! Karibu sana." Nilimpa jina papo hapo moyoni, nikamwita Bi Kopo, na mpaka leo sijataka kulijua jina lake la kweli.

Nikamuuliza huo unga una nini. Akanieleza taratibu, bila dharau. Mtu akishanyanyua vitu vizito, misuli inakuwa imechanika kidogokidogo na imeishiwa nguvu. Wanga unarudisha nguvu iliyotumika, protini inatengeneza palipochanika. Ndani ya kopo vyote viwili vipo, vimepimwa pamoja, ndiyo maana haraka.

"Wanga na protini," nikasema.

"Ndiyo, dada."

Miaka kumi na mitano napanga wanga na protini kwenye masinia. Mchele na maharage, viazi na mayai, mkate na maziwa. Nina cheti cha upishi kilichotundikwa ukutani, na kwenye cheti hicho nilipata alama za juu kwenye makundi ya chakula. Na huyu anakuja kunieleza kwamba mume wangu anahitaji wanga na protini.

Wakati huo Nondo alikuwa amemaliza. Hakuniona, nilipomwona anakuja nilijibanza nyuma ya mlango wa stoo. Akaja kaunta anatiririka jasho. Bi Kopo akachukua kichupa, akamwaga unga kwenye chupa ya kutikisia, akaongeza maji, akatikisa, akafungua kifuniko, akampa mkononi. Nondo akanywa yote kwa pumzi moja, akasema asante. Hakuna kingine kilichotokea. Ningekuwa mtu wa haki ningerudi nyumbani nimeridhika.

Nilirudi kwa miguu, saa mkononi, nikihesabu. Dakika arobaini na mbili kutoka jimu hadi mlangoni kwangu. Dakika kumi na mbili ndizo zilizonipokonya mume.

Usiku nikawaza, asubuhi nikaamua. Kama lazima anywe unga, atakunywa unga wangu. Mkono utakaomjenga Nondo utakuwa huu aliouomba mwenyewe pale dirishani, si wa mwenye kopo. Na sikwenda kumwambia, kwa sababu ningemwambia angesema si sawa na wa dukani, na ningekasirika zaidi.

Nilichukua soya, nikaikaanga mpaka ikanukia, nikaisaga. Nikakaanga unga wa mchele kwa moto mdogo, mkono hautoki kwenye sufuria, maana ukigeuka kidogo umeungua. Nikaanika ndizi zilizokatwa nyembamba, nikazisaga. Maziwa ya unga, sukari kidogo, kakao ili rangi ifanane. Mwisho nikatia chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Hiyo ni desturi yangu: kitu chochote kitamu nakitia chumvi kidogo sana, mlaji asiione, akabaki anajiuliza kuna nini humu. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo na mama yake pia.

Wala sikubadilisha kwa pupa. Ulimi ukiushtua unapiga kelele. Wiki ya kwanza nilitia robo ya unga wangu kwenye kopo, wiki ya pili nusu, wiki ya tatu robo tatu. Mwezi ulipoisha Nondo alikuwa anabeba kichupa changu mtupu, na kila alipoleta kopo jipya nilikuwa nalimwaga jioni hiyohiyo na kulijaza upya akiwa bafuni.

Lakini mpishi hamwagi chakula. Nilibaki na unga wa Bi Kopo kwenye ndoo yenye mfuniko, nao una bei yake, nikawa sijui niupeleke wapi. Ndipo nikamkumbuka mama mkwe.

Mama mkwe anaishi nasi. Alianguka bafuni mwaka uliopita, akavunjika nyonga, wakamfanyia upasuaji, na tangu hapo alikuwa mtu wa kiti karibu na dirisha. Mwanawe alimchomelea kitanda chenye vyuma vya kushikia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwagiza asimame na kukaa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akivishika vyuma hivyo, na muuguzi akasema apewe vyakula vya kumjenga. Vyakula vyenyewe hakuvitaka. Alikuwa anakunywa uji tu, nusu bakuli. Akisimama mara nne analia. Basi nikawa natia vijiko viwili vya unga ule kwenye uji wake, kila akimaliza kusimama na kukaa. Nilisoma maandishi ya kopo yote kwanza, na nikamuuliza muuguzi, akasema hauna ubaya kwake.

Ukitaka kucheka, cheka hapa. Mwezi wa pili mama mkwe alifikisha mara kumi. Mwezi wa tatu alifikisha kumi na tano, akashika mkongojo, akatembea mpaka mlango wa mbele akarudi. Akakaa, akapumua, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "uji wako umeniinua. Nimezaa watano na hakuna aliyenifanyia hivi. Mungu akubariki mikono."

Nikasema asante mama. Ningesema nini? Baraka zilikuwa za Bi Kopo, nami nikazipokea na kuzitia mfukoni.

Na upande wa pili Nondo. Kifua kilikuwa kimefunguka, mashati yanambana, vijana wa karakana wamenyamaza. Jioni moja akakaa kitini, akautazama mkono wake, akasema kwa sauti ya mtu aliyefikiri sana, "Makopo haya ya sasa ni mazuri kuliko lile la kwanza. Kuna kitu ndani yake. Yule dada anajua kuchagua, jamani. Ana mkono."

Ana mkono. Neno langu hilo, niliambiwa mimi, dirishani, geti likiwa na rangi mbichi.

Sijawahi kusikia mwanamke aliyeonewa namna ile. Nilikuwa namwonea wivu Bi Kopo kwa sifa zilizokuwa zangu. Na siwezi kuzidai, kwa sababu nikizidai nimekiri kwamba miezi mitatu namchezea mume wangu chakula. Nikameza. Kesho yake nikaongeza maziwa kwenye unga na kuikaanga soya vizuri zaidi. Nilitaka uwe mtamu kiasi kwamba yeye mwenyewe agundue.

Hakugundua. Alichofanya ni kuanza kuchelewa. Zamani alikuwa anafika saa moja kasoro, ikawa saa moja, ikawa saa moja na nusu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Zamani nilikuwa naugugumia ule unga. Siku hizi nakaa pale kaunta naunywa polepole." Hakunitazama alipokuwa akisema. Nami kadiri alivyochelewa ndivyo nilivyoutengeneza unga vizuri zaidi, na kadiri ulivyokuwa mzuri ndivyo alivyochelewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nasi wengine tunaendelea kuchimba tukiwa ndani.

Mashindano ya kutunisha misuli, ambayo jimu ilimwandikisha Nondo, yalifanyika Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mikutano wa chuo cha ufundi. Nilikwenda na Bi Mwiko, tukakaa mstari wa tatu. Bi Kopo alikuwa mstari wa mbele na watu wa jimu. Kundi la waliozidi miaka thelathini na mitano lilikuwa na wanaume wanane, wamepakwa mafuta wanang'aa. Nondo aliposimama katikati yao, nilimtazama mtu ninayemfulia nguo kila wiki nikajikuta nimeshika mkono wa Bi Mwiko. Kila kipande cha mgongo ule nilikuwa nakijua kilikaangwa siku gani.

Alitangazwa wa pili. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mtangazaji akampa kipaza sauti, na Nondo, ambaye hajawahi kuongea mbele ya watu zaidi ya kumi, akashukuru Mungu, akamshukuru mwalimu wa mazoezi, kisha akasema, "Na namshukuru dada yetu wa kaunta. Jamani, bila yule dada mimi nisingekuwa hapa. Ndiye aliyenilisha."

Bi Mwiko anasema nilisimama kabla hajamaliza. Mimi sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu ile ninayoitumia bwaloni, inayofika mpaka mwisho wa foleni.

"Aliyekulisha ni mimi. Unga wa kwenye kopo ni wangu, nimeukaanga mimi, nimeusaga mimi, miezi mitatu. Huyo anaongeza maji."

Watu walicheka. Ukumbi mzima, hata waamuzi. Walidhani ni utani wa mke na mume. Nondo hakucheka. Alibaki na kipaza sauti mkononi, ananitazama, uso wake umebadilika rangi chini ya mafuta, na sikuelewa kwa nini anaonekana ameogopa badala ya kukasirika. Bi Kopo aligeuka kwenye kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akasema taratibu, "Ni kweli, dada. Mimi nilikuwa naongeza maji tu. Nilishangaa siku nyingi kwa nini unanukia vizuri kuliko wa wengine."

Hata pale hakunipa pa kushikia.

Mimi na Nondo tulirudi nyumbani. Jua lilikuwa bado lipo. Mama mkwe alikuwa sebuleni na bakuli lake la uji, ndiyo kwanza amemaliza kusimama na kukaa. Nondo akaweka kikombe chake cha ushindi mezani.

"Kama nilikuwa nakunywa unga wako," akasema, "wa kopo ulikwenda wapi?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye bakuli. Nondo akayafuata. Mama mkwe naye akalitazama bakuli, akatutazama sisi, akalishusha mapajani. Ikabidi niseme yote, mbele ya mtu aliyenibariki mikono. Nilidhani atanikataa. Akajipapasa goti.

"Kwa hiyo miguu hii ni ya huyo binti?"

"Na mazoezi yako, mama," nikasema.

"Mlete nimwone. Nilimshukuru mtu mwingine."

Nikakimbilia jikoni, nikashika mwiko. Hakunionea, alisema kweli, na ndiyo iliyouma. Nondo akanifuata, akafunga mlango, akageuza ndoo akaikalia, mwili mkubwa kwenye ndoo ndogo. Nilisubiri anigombeze nami nimgombeze.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kopo la kwanza. Mwisho wa mwezi wa kwanza lilikuwa langu lote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu na inakubali.

"Mama watoto, nataka nikwambie kitu, na huo mwiko uweke chini kwanza."

Nikauweka.

"Ule unga ulikuwa unanitesa. Ikifika saa nane mchana, nina kofia ya kuchomelea usoni, nauwaza. Mwanzo nilisema ni njaa. Halafu nikaanza kumwaza na anayenipa. Si mtu ninayemjua, hata kwao sipajui. Lakini kila akinipa ile chupa, nikinywa, nasikia kama nimefika nyumbani. Nikasema, Nondo, umekwisha. Mtu hasikii hivyo kwa bure. Ndiyo maana nilikuwa nakaa pale. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Kuniambia nini?"

Aliitazama mikono yake.

"Kwamba naondoka. Sikuwa nimemwambia yeye chochote, naapa. Nilijipangia kwamba mashindano yakiisha nitakwambia wewe kwanza."

Mashindano yalikuwa yameisha saa mbili zilizopita.

Nilishika ukingo wa sinki. Miezi mitatu nimekaanga, nimesaga, nimeonja, nimepima chumvi kwa vidole viwili, nikimtengenezea mume wangu njia ya kwenda kwa mwanamke mwingine, na njia yenyewe nikaifanya tamu. Kama nisingesimama mstari wa tatu na kupiga kelele kama mtu asiye na adabu, jioni ile angenikalisha kitako na kuniaga, na mimi ningemwona Bi Kopo amenishinda. Na hakuna aliyekuwa ameshindana nami. Nilikuwa nimeshindana peke yangu.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nina njaa," akasema.

Nikampakulia. Alikula palepale jikoni, kwenye ndoo, amefumba macho. Alipomaliza akanyoosha sahani bila kusema neno. Miaka kumi na miwili nimeipokea sahani ile bila kufikiri. Safari hii nilimtazama usoni kwanza, muda mrefu kidogo, ndipo nikaipokea.

Kutoka sebuleni mama mkwe akaita. "Na yule binti, mwanangu, mlete Jumapili ijayo. Umpikie ashibe."

Nikajibu kwamba nitamleta, na nitampikia mwenyewe, wanga na protini mpaka aseme basi. Ila ile chumvi ya vidole viwili sitaitia.